Kilima Kisicho na Hoteli

Kilima cha skii (mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni) ninachofanyia kazi majira ya baridi hakina hoteli wala mgahawa wa kuweka nafasi. Kina mashine mbili za kuvuta wateleza hadi juu, yaani lifti moja ya kamba na lifti moja ya T, ile yenye vyuma vya umbo la herufi T vya kuegemea; kina banda la mbao lenye jiko la kuni, taa za usiku kwenye mteremko mmoja, na familia inayoishi chini yake. Dirisha la jikoni kwao linatazama foleni ya lifti, na foleni ikirefuka mama mwenye nyumba huzima jiko, huvaa buti na kutoka kusaidia. Kiko Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Jina lake sitalitaja kwa kuwa wenyewe hawapendi kuandikwa, na nimewaahidi hivyo. Mimi kiangazi ni seremala. Kuanzia Novemba hadi theluji inapokwisha nipo kwao: usiku kwenye mashine za kutengeneza theluji, mwisho wa wiki kwenye lifti.

Naandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu tunaoishi kwenye baridi. Wakongo wa Burlington na Winooski hapa Vermont, Wakenya wa Massachusetts, Watanzania wa Minnesota: wengi wetu majira haya tunayavumilia ndani ya nyumba, mapazia yameshushwa, watoto wamekaa na simu. Ukitaja skii unajibiwa kwamba huo ni mchezo wa matajiri. Anayesema hivyo hasemi uongo. Nenda kwenye mlima mkubwa leo, simama dirishani uombe tiketi ya siku moja, utaambiwa zaidi ya dola 200, hapo hujakodi viatu wala hujala. Lakini si kila mlima uko hivyo, na huku Vermont mchezo wenyewe ulikua kwenye mashamba ya watu wa kawaida. Bado yapo mashamba ambako haujaondoka.

Januari 1934, nje ya mji wa Woodstock, kwenye shamba la mtu aitwaye Clinton Gilbert, watu walifunga kamba ndefu kwenye magurudumu, wakaizungusha kwa injini ya gari la Ford Model T. Hiyo ndiyo lifti ya kamba ya kwanza Marekani. Kabla ya hapo ukitaka kuteremka ulipanda kwa miguu na skii begani, jasho lote hilo kwa raha ya dakika moja au mbili. Ile kamba ilibadilisha hesabu yote. Na kwa mkulima ilikuwa rahisi kuiga: malisho yake yamelala wazi chini ya theluji, ng'ombe wako zizini, gari bovu liko nyuma ya ghala. Katika miaka michache kamba zilienea vijiji vingi vya New England, yaani majimbo haya ya kaskazini-mashariki. Ile ya East Corinth, iitwayo Northeast Slopes, ilianza 1936 na mpaka leo inaendeshwa na wanakijiji wanaojitolea.

Kamba ya kwetu si tofauti sana na hizo. Injini ni ya umeme sasa, ila mengine yote ni yale yale: kamba nene inazunguka bila kusimama, inapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na wewe unaishika kwa mikono yako. Kazi yangu kubwa siku za Jumamosi ni kusimama mwanzoni mwake na kuwafundisha watu kuishika. Mgeni huikamata kwa nguvu mara moja, nayo inamnyakua mabega yakitangulia miguu. Inatakiwa uiache kwanza ipite ndani ya glovu, ubane taratibu mpaka mwendo wako ulingane na wake, kisha mkono wa pili uupitishe nyuma ya kiuno na kuishika huko. Glovu laini za sufu zinaisha kwa siku moja. Sisi tunaweka kikapu cha glovu za ngozi za kazi, zile za wakata miti, mtu anaazima na kurudisha. Skafu ndefu naivua mwenyewe shingoni mwa mtoto, na nywele ndefu naomba zifungwe ndani ya koti, kwa sababu kamba huwa inajisokota inapokwenda na inaweza kuvuta chochote kinachoning'inia. Kule juu kuna waya umetandazwa baada ya sehemu ya kuachilia: mtu akipitiliza, waya unaguswa na injini inazimika. Kila asubuhi kabla ya kufungua tunapanda kuujaribu waya huo. Lifti zetu, ndogo zilivyo, zinakaguliwa na serikali ya jimbo kama zile za milima mikubwa, na mzee mwenye kilima ana daftari la ukaguzi lililoandikwa kwa mwandiko safi kuliko barua zake zote.

Ukitaka kujua kilima cha namna hii kinaweza kuzaa nini, nenda Richmond, dakika chache tu kutoka Burlington, utakuta sehemu iitwayo Cochran's. Mwaka 1961 Mickey na Ginny Cochran walifunga kamba nyuma ya nyumba yao ili watoto wao wanne wafanye mazoezi baada ya shule. Kutoka chini hadi juu kilima hicho hakizidi sana mita 100. Killington, mlima mkubwa wa jimbo hili, una zaidi ya mita 900. Watoto wote wanne, Marilyn, Barbara Ann, Bobby na Lindy, wakaingia timu ya taifa ya Marekani. Marilyn alitwaa taji la Kombe la Dunia la slalom kubwa (slalom ni mbio za kuteremka ukipinda kati ya milingoti) mwaka 1969. Barbara Ann alipata dhahabu ya slalom kwenye Olimpiki ya Sapporo mwaka 1972, akimtangulia Mfaransa kwa sekunde 0.02. Miaka 50 baadaye, Beijing 2022, mwanawe Ryan Cochran-Siegle akapata medali ya fedha katika super-G, mbio za kasi zaidi kuliko slalom, akikosa dhahabu kwa sekunde 0.04.

Watu wa huku husimulia medali hizo kwa fahari, nami nawaelewa. Kinachonigusa mimi zaidi ni jambo lililofanyika 1998. Familia ile ingeweza kuuza ardhi. Badala yake waligeuza kilima kuwa taasisi isiyo ya faida, ya kwanza ya aina yake nchini kwa sehemu ya skii, kwa lengo lililoandikwa kwamba hakuna mtoto atakayenyimwa kuteleza kwa sababu wazazi wake hawana pesa. Mzee Mickey alifariki mwaka huo huo. Lifti bado zinazunguka.

Kilima kidogo si Mungu anakiendesha, na hapa ndipo ningependa msomaji anifuate, kwa sababu ni sehemu ya kazi ambayo wateleza hawaioni kabisa.

Theluji ya kuanguka yenyewe siku hizi haitoshi kilima cha chini kama chetu. Tunaitengeneza. Malighafi ni maji na hewa tu. Pampu inavuta maji bwawani na kuyapandisha kwenye bomba la chuma lililolala kando ya mteremko. Bomba la pili linaleta hewa iliyoshindiliwa na kompresa. Vinakutana kwenye mdomo wa mashine. Hewa ikitoka inatanuka ghafla na kupoa mno, inayapasua maji kuwa matone madogo, machache kati yake yanaganda papo hapo, na hayo yanakuwa mbegu ambazo matone mengine yanagandia yakiwa bado hewani. Ufundi huu ulibuniwa Connecticut mwaka 1950 na Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey, watu waliokuwa na kiwanda cha skii na ambao biashara yao ilikwama kwa sababu theluji ilikataa kuanguka. Kwa eka moja tu, kina cha sentimita 30, unahitaji zaidi ya lita laki tano za maji. Ndiyo maana bwawa letu ni mali kuliko lifti.

Baridi peke yake haitoshi, lazima hewa iwe kavu. Tone la maji linapovukiza kidogo hupoteza joto, na hewa kavu inaruhusu hilo. Hewa yenye unyevu hairuhusu. Kwa hiyo kwenye kibanda cha pampu tuna vipimajoto viwili vilivyoning'inia pamoja, kimoja kikavu na kimoja kimevishwa kitambaa kibichi. Macho yetu yako kwenye kile cha kitambaa. Kikishuka nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, Mzee anatupigia simu, hata kama ni saa saba usiku. Mimi humwita Mzee, naye amezoea kiasi kwamba hata wajukuu zake sasa wanamwita hivyo. Simu yake haina salamu. "Imeshuka," anasema, anakata.

Mimi ni mtu wa Makete, mkoa wa Njombe. Kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka asubuhi nyasi ni nyeupe kwa sakitu na majani ya viazi yameungua kwa baridi. Nimekua nikimwona baba akitoka usiku kutazama anga: likiwa wazi, nyota zimejaa na upepo umetulia, anajua kesho kuna hasara shambani. Hapa nimejikuta natazama anga lile lile kwa kuomba kinyume chake. Usiku mweupe wa nyota, bila wingu, bila upepo, ndio usiku tunaoutaka.

Tunapanda wawili wawili, taa kichwani, kwa sababu usiku mlimani mtu haachwi peke yake. Mara nyingi naenda na binti mkubwa wa familia, ambaye amefanya kazi hii tangu akiwa shule ya sekondari na anajua kila koki kwa jina aliloipa mwenyewe. Tunaburuta mipira ya maji mabegani, mizito, migumu kwa baridi. Unaunganisha, unafungua hewa kwanza, kisha maji kidogo kidogo. Halafu unaingia ndani ya ule mvuke mweupe na kunyoosha mkono. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Unaitazama theluji inavyotua kwenye mkono wa koti. Ikidunda na kuanguka, ni kavu mno, unaweza kuongeza maji. Ikigandamana na kulowesha kitambaa, imezidi maji, ukiiacha hivyo asubuhi utakuta barafu ngumu ya kuvunja mtu mguu. Tunayoitaka inatua, inakaa kidogo, ukitikisa mkono inadondoka. Ukiifinya inashikana bila kutoa maji. Yule binti haangalii hata koti, anasikiliza. Mashine ikianza kuziba mlio wake unakuwa mwembamba, naye anakuwa ameshageuka kabla mimi sijasikia kitu.

Saa moja au mbili baadaye tunarudi tena, mzunguko wote, kila mashine, kwa sababu joto limebadilika na kipimo cha maji lazima kibadilike nalo. Upepo ukigeuka tunageuza mdomo, la sivyo tutakuwa tumetengeneza theluji ya msituni. Alfajiri tukizima ni mbio: maji yakibaki ndani ya mpira yanaganda kwa dakika chache na mpira huo utakaa kibandani siku nzima ukiyeyushwa. Tunaunyoosha kuelekea chini ya mlima, tunauinua sehemu kwa sehemu mpaka tone la mwisho litoke. Baada ya hapo Mzee anapanda kwenye mashine yake ya kusawazisha, yenye minyororo mipana kama ya buldoza, anaanza kusukuma zile rundo na kuzitandaza. Lakini kabla ya kuitandaza anaacha theluji ile ipumzike ikauke, wakati mwingine siku nzima, hata kama wateja wanapiga simu kuuliza mbona hamjafungua. Kwa jambo hilo namheshimu sana.

Adui yetu si joto la mchana. Jua la Januari ni dhaifu na theluji ya mashine ni nzito, inavumilia. Mvua tunaiogopa, lakini kuliko mvua tunaogopa ukungu. Hewa ya joto yenye unyevu ikigusa theluji, ule unyevu unageuka maji juu yake na kuachia joto lote ulilokuwa nalo, na theluji inaliwa mchana na usiku bila tone kunyesha. Desemba 18, 2023, Vermont ilipata vyote pamoja: joto, na mvua kubwa juu ya theluji, mito ikafurika, barabara zikafungwa. Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Wenye vilima vidogo wote wa jimbo hili wanajua maana ya wiki hiyo. Kipato cha mwaka kinategemea vipindi vitatu: wiki ya Krismasi, mwisho wa wiki wa sikukuu ya Martin Luther King katikati ya Januari, na wiki ya mapumziko ya shule ya Februari. Ukikosa kimoja unabana matumizi. Ukikosa viwili unakwenda benki.

Kampuni kubwa zina namna ya kujikinga. Zinauza pasi za msimu mzima kabla ya baridi kuanza. Vail Resorts ilianza kuuza pasi yake ya Epic mwaka 2008, na mwaka 2017 ikanunua mlima wa Stowe hapa hapa kwetu. Mteja ameshalipa Septemba, theluji ianguke isianguke. Kilima kidogo kinauza tiketi kwa mtu aliyeamka Jumamosi, akachungulia dirishani, akasema twende. Akiona matope hachukui gari.

Halafu ipo bima. Mwaka 1974 kijana mmoja aliyekuwa akijifunza aliteleza kwenye mlima wa Stratton, hapa Vermont, skii ikanaswa na kichaka, akaanguka na kupooza. Mwaka 1977 wazee wa baraza mahakamani waliamua alipwe dola milioni 1.5, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaunga mkono. Sina neno dhidi ya kijana yule; maisha yake yalibadilika siku moja, na fedha hizo zilimhudumia. Lakini malipo ya bima yalipanda kila mahali, na ingawa bunge la Vermont lilitunga sheria ya kwamba mteleza anazikubali hatari za asili za mchezo, mkulima mwenye kamba moja na injini kuukuu hakuwa na pa kutoa fedha hizo. Wengi waliifungua kamba, wakaikunja, wakarudisha ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na sehemu za skii zaidi ya 700. Sasa hazifiki 500. Ukitembea misitu ya New England utakutana na magurudumu ya chuma yameota kutu juu ya mti, na mstari wa miti michanga ulionyooka kupita kawaida, ukipanda mlima. Hapo palikuwa na kamba.

Kilichokiweka hai kilima chetu ni watu kufanya kazi bila kulipwa. Kila Oktoba inatangazwa siku ya msaragambo. Wanakuja majirani na misumeno, mapanga na vipunguzi vya nyasi, wanafyeka mteremko, kwa sababu nyasi fupi zinashika hata theluji kidogo na nyasi ndefu zinaibeba juu juu mpaka iyeyuke. Fundi umeme wa kijiji anakagua taa kwa malipo ya chakula cha mchana. Mimi mwaka jana nilibadilisha ngazi za banda. Watoa huduma ya kwanza wa mlimani, wale wenye misalaba mgongoni, nao karibu wote wanajitolea. Shirika lao la kitaifa lilianzishwa mwaka 1938 na Minnie Dole, mtu aliyevunjika kifundo Stowe mwaka 1936 na akaburutwa kutoka mlimani juu ya kipande cha bati. Mmoja wa watoa huduma wetu ni mwalimu mstaafu, mama wa zaidi ya miaka sabini. Jumapili moja nilimwona akipiga magoti kando ya mvulana aliyejigonga, akamvua glovu polepole kidole kwa kidole huku akimuuliza jina la mbwa wake, na mpaka jina la mbwa lilipotoka mkono ulikuwa umeshafungwa.

Ijumaa jioni ndiyo siku yangu. Taa zinawashwa, banda linanuka supu na soksi mbichi, na shule za jirani zinaleta watoto kwa mabasi, kwa maana shule nyingi za Vermont zina utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi kwenye skii mara moja kwa wiki msimu huu. Miongoni mwao sasa wapo watoto wetu. Ijumaa moja alikuja mama kutoka Uvira, amefuata mwanawe wa kidato cha chini, amejifunga kitenge juu ya koti la baridi. Alisimama kando ya kamba akiiangalia inavyokimbia. Nilipomwamkia kwa Kiswahili alishika kifua.

"Baba, wewe ni wa kwetu?"

"Wa Tanzania, mama. Karibu."

"Mutoto yangu hatavunjika?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia mtoto huanguka, na kuanguka ndiyo somo la kwanza tunalomfundisha: kaa chini upande, usinyooshe mkono. Nikamwonyesha vibanio vya skii, kwamba vimekazwa kwa uzito wake mtoto na vinaachia kiatu akianguka vibaya. Aliinama akavigusa, akavijaribu kwa kidole gumba. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelifikiria sana, kwamba tangu wafike mwanawe alikuwa akiulizwa shuleni kila Jumatatu alifanya nini mwisho wa wiki, naye hakuwa na la kujibu.

Kijana alishika kamba, akaanguka. Akashika tena, akaanguka mbele kidogo. Mara alipofika juu alituangalia chini akiwa ameinua mikono yote miwili, na mama yake akapiga vigelegele vilivyosimamisha foleni nzima. Wamarekani waligeuka kuuliza kuna nini. Mama mwenye kilima alikuwa ametoka na sahani ya maandazi yao, akaiweka chini kwenye theluji, akapiga makofi.

Ni kweli wachache wetu wamefika mbali katika michezo ya theluji, na wanastahili kukumbukwa. Philip Boit wa Kenya alikimbia skii za nyika (mbio za masafa) kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliteremka Pyeongchang 2018. Nawaheshimu. Lakini mimi nikiwa kwenye kamba simtafuti Boit mwingine. Namtafuta mtoto ambaye Jumatatu atakuwa na la kusema.

Sasa familia ile iko kwenye majadiliano magumu. Mzee anakaribia miaka themanini. Ardhi ya mlimani Vermont imepanda bei sana, na kuna watu wa mjini wangependa kujenga nyumba za mapumziko pale pale penye foleni. Binti anataka kuendelea. Kaka yake, ambaye naye ni mtu mwema, ana watoto wa kusomesha na fungu lake liko kwenye ardhi hiyo. Sioni wa kulaumiwa. Njia wanazozitazama ni mbili. Moja ni ya Cochran's, taasisi isiyo ya faida. Nyingine ni ya Mad River Glen, ambayo mwaka 1995 mwenye mlima aliwauzia wateleza wenyewe kwa hisa, na mpaka leo ni ushirika, wanachama wanapiga kura. Binti aliponieleza hiyo ya pili nilimwambia ushirika tunaujua, nimelelewa na fedha za ushirika wa mazao, na nikamweleza yale yanayoujenga na yale yanayoubomoa: hesabu zisomwe mbele ya wote, na hakuna anayekopeshwa kwa sababu ni ndugu. Aliyaandika. Mkutano wa majirani wote umepangwa kabla ya msaragambo ujao, na nitakuwepo.

Kama unaishi majimbo haya ya baridi na una watoto, usingoje Januari. Oktoba na Novemba miji mingi hufanya gulio la vifaa vya skii vilivyotumika, kwenye kumbi za shule. Viatu vya mtoto vinapatikana kwa bei ya viatu vya kawaida, na vilima vingi vidogo vinakodisha seti nzima ya msimu kwa mtoto anayekua. Uliza shule kuhusu siku yao ya skii na uulize msaada wa ada, upo, ila hautangazwi kwa sauti. Ukimvalisha mtoto, mvalishe soksi moja nyembamba na ndefu, usimwekee tatu kama tunavyopenda, kwa sababu soksi nyingi zinabana damu na ndizo zinazogandisha miguu. Glovu azipate zisizopitisha maji. Skafu iache nyumbani. Ukifika kwetu Ijumaa jioni, mimi ni yule wa kwenye kamba.